Baba Yangu Alisimama Nyuma ya Kamera

Mwaka 1997 nilipewa soda na nusu mkate ili nimkumbatie mwendesha baiskeli mmoja mbele ya kamera, nilie, na nimwite baba.

Baba yangu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya hiyo kamera. Alikuwa amevaa gauni la maua na ameshika kuku. Vijana wa filamu walimwomba asogee kidogo kwa sababu kivuli chake kilikuwa kinaingia kwenye picha.

Tulieni, nitaeleza yote. Kama uko kazini soma polepole, bosi asione unatabasamu na simu.

Naitwa Robi. Mimi ni Mkuria, na baba yangu alikuwa mwanamke.

Naona wengine mmeshaanza kuandika komenti. Ngojeni kwanza.

Kwetu, mama mzee ambaye hana mtoto wa kiume anaweza kuoa mke. Anatoa ng'ombe kama mwanamume yeyote, analeta msichana nyumbani, na watoto wanaozaliwa ni wa boma lake. Inaitwa nyumba ntobu. Hakuna mambo ya chumbani kati yao, kwa hivyo wale mliokuwa mmesogeza simu karibu na uso, irudisheni.

Kuna mwanamume, ndiyo. Watoto hawaletwi na upepo. Lakini yule hakutoa ng'ombe, kwa hivyo hana mtoto. Jina lake halitajwi mbele ya mtoto wala nyuma yake. Hata ukilijua, hulijui.

Baba yangu aliitwa Nyangi. Alikuwa mjane, Mungu alimpa mabinti peke yake, na wote walikuwa wameolewa. Ng'ombe za binti wa mwisho ndizo alizomwolea mama yangu, Nyamoita. Boma zingine watoto humwita mama kama huyo bibi. Mimi nilifundishwa kusema Tata, ndiyo baba kwa Kikuria, na nikisema Tata, Nyangi alikuwa anaitika.

Hiyo ndiyo ilikuwa familia yetu. Hatukujua kama ni ya ajabu.

Tulikaa ng'ambo, upande wa Tanzania, kijiji kimoja nyuma ya Sirari. Ukoo wa mama ulikuwa upande wa Kenya, karibu na Kehancha. Mpaka wenyewe ni vijiwe vya zege katikati ya mahindi. Ng'ombe walikuwa wanavuka bila kuulizwa jina.

Na ukitaka kufika haraka, kulikuwa na Machuki.

Machuki alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kiti cha sponji nyekundu huko nyuma. Alibeba watu kati ya mpaka na Kehancha kutwa nzima. Akinipata njiani na mama, alikuwa ananipakia bila kusema kitu, hata kama alikuwa ameelekea upande mwingine. Mimi nilidhani anapenda watoto. Nilikuwa naangalia mgongo wake mpaka sokoni, shati limelowa jasho, na hatukuwa tunaongea.

Sasa ikafika siku ya chumvi.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Baba alikuwa kwenye zizi anakamua. Aliniambia twende na mama soko la Kehancha, tumletee ng'ombe chumvi. Akasema, "Usirudi bila chumvi." Hakuinua hata kichwa. Ng'ombe ndio walikuwa wanapata macho yake asubuhi, sisi tulikuwa tunapata ya jioni.

Tulinunua chumvi. Hatukurudi.

Siku hiyo vijana wa ukoo wa mama walikuwa wamevamia upande wa pili, kwetu, na kuswaga ng'ombe. Waliochukua ni wengi, na waliokufa ni wengi kuliko inavyofaa kwa ajili ya mnyama mwenye pembe. Ndugu wawili wa mama walikuwemo kati ya waliovamia. Kufikia saa nane neno lilikuwa limeshafika sokoni, kwamba vijana wa kijiji chetu wanasema Nyamoita ndiye aliyewaonyesha ndugu zake njia ya mazizi. Kwamba akirudi, watamwonyesha na yeye njia.

Mama hakuwa ameonyesha mtu kitu. Lakini huwezi kwenda kumweleza mtu mwenye panga.

Machuki ndiye aliyetuletea hilo neno. Alituambia tusishike njia ya mpaka, akatupeleka hadi barabara kubwa, mimi mbele kwenye chuma na mama nyuma kwenye sponji. Kutoka hapo tukapata lori hadi Migori. Na kutoka Migori mama alikuwa anajua mtu mmoja tu duniani ambaye si Mkuria, mama anayeitwa Leonida, aliyekuwa anakuja kwetu kununua mahindi. Leonida alikuwa anakaa Kosele, huko Homa Bay kwa Wajaluo.

Tukafika Kosele na pakiti ya chumvi.

Leonida alitupa nyumba ndogo ya nyuma. Mama akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwa, pamoja na yeye. Watu wakauliza bwana yake yuko wapi, mama akasema yuko Tanzania. Hakudanganya. Ila ukiwaambia Wajaluo bwana yako anaitwa Nyangi na anavaa gauni, utaulizwa maswali mpaka omena ioze.

Shuleni waliniita Robi Jicho, kwa sababu nikicheka au nikilia jicho langu la kushoto linafunga kwanza, la kulia linafuata kama limechelewa kuambiwa. Nikazoea. Nilijifunza Kijaluo. Nilijifunza kula samaki bila kuzungumza.

Lakini ile chumvi nilikataa ifunguliwe. Leonida alikosa chumvi ya mboga mara nyingi na pakiti iko pale juu ya kabati. Nilimwambia ni ya ng'ombe.

"Ng'ombe gani, nyathina, mtoto wangu?"

"Ya baba."

Leonida alikuwa ananiangalia, halafu anaenda kuomba chumvi kwa jirani.

Nilitaka kurudi nyumbani. Nasema wazi kwa sababu hii story yote inasimama hapo. Sikutaka soda, sikutaka filamu, nilitaka kurudi kwa Baba. Mama pia alitaka. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakula kiapo cha amani, lakini vijana wengine hawakuwa wamekula, na njia ya miguu mama hangeipita salama. Salamu za Baba zilikuwa zinapitia kwa Machuki, kutoka kwake hadi kwa turnboy wa lori, kutoka kwa turnboy hadi kwa Leonida. Zilikuwa fupi. "Yule ng'ombe mweusi amezaa." "Paa limerekebishwa." Hakuwahi kusema anatukumbuka. Kwa nini aseme, na alikuwa ametuambia yule mweusi amezaa?

Ndipo, baada ya miaka miwili, wakaja watu wa filamu.

Walikuwa watatu kwenye Land Rover. Liz alikuwa mzungu, mkubwa wao, mwembamba, mwenye kofia. Jeff alitoka Nairobi, alibeba kamera na kila kitu kingine. Levis alikuwa kijana wa Homa Bay, mtafsiri, mwenye jinzi mpya na Kiingereza cha kujivunia. Walikuwa wanatengeneza filamu ya watoto waliotenganishwa na wazazi wao na mpaka. Walikuwa wameshampata mtoto mmoja kisiwani Takawiri ambaye baba yake alikwama Uganda. Sasa walikuwa wanatafuta mwingine, na mwalimu wangu akanisukuma mbele.

Walinikalisha uani kwa Leonida, katikati ya omena zilizoanikwa. Jeff aliwafukuza kuku. Liz aliuliza kwa Kiingereza, Levis akaniuliza kwa Kiswahili.

"Baba yako ako wapi?"

"Ng'ambo. Tanzania."

"Mara ya mwisho umemwona alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anakamua."

"Alikuambia nini?"

"Nisirudi bila chumvi."

Levis alitafsiri. Liz akavua kofia.

"Unamkumbuka anakaa aje?"

Nikafikiria. "Ananusa ugoro. Mikono yake ni migumu. Akikasirika haongei mpaka kesho."

Nikaenda kuwaletea chumvi. Liz alipoona ile pakiti alilia, na Jeff akasogeza kamera karibu, na mimi kwa kumwona mzungu analia nikaanza kulia pia. Jicho la kushoto likafunga kwanza. Liz alishika mkono wa Jeff asizime.

Mniambie ni wapi hapo nimedanganya. Hakuna aliyeniuliza kama baba yangu ni mwanamume. Nani huuliza hilo?

Jioni Liz alizungumza na mama. Alisema watatupeleka Kehancha, Baba aje pale, watupige picha tukikutana. Kibali cha kuvuka na gari walikuwa nacho, cha kamera hawakupata, kwa hivyo picha ingepigwa Kenya. Halafu, picha ikiisha, watatuvusha na gari mpaka mlangoni kwetu, pamoja na mzee mmoja wa kiapo. Hakuna kijana ambaye angerushia mawe gari la wageni lenye mzee ndani.

Mama alianza kufunga vitu kabla Levis hajamaliza kutafsiri.

Leonida ndiye aliyemwuliza, mimi nikisikia, "Nyamoita, umewaambia kila kitu?"

"Wameuliza bwana yangu yuko wapi, nimewaambia."

"Yawa," Leonida akasema, na akaendelea kukunja leso.

Tulifika Kehancha siku ya soko. Neno lilikuwa limeshapelekwa kupitia Machuki, na Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na posho mill, mashine ya kusaga unga, na gauni lake la maua la kanisani, na kuku mapajani. Kuku alikuwa wa Liz.

Niliruka kabla gari halijasimama vizuri. Nikakimbia, halafu nikafika mbele yake nikakosa la kufanya. Sisi si watu wa kukumbatiana. Nikasimama.

Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Umeleta chumvi?"

"Ndiyo, Tata."

Nikampa. Akaipima kwa mkono, akaiweka kwenye kikapu. Kisha akaweka mkono wake kichwani kwangu, ule mgumu, na akasahau kuutoa. Tulikaa hivyo. Nilisikia anavuta pumzi puani kama mtu aliyenusa ugoro, na hakuwa amenusa. Miaka miwili yote ikaniishia hapo.

Hilo halimo kwenye filamu. Jeff alikuwa anabadilisha betri.

Liz akaja, akasalimia kwa heshima, akapokea kuku, akamkabidhi Levis. Akaangalia huku na huku.

"Liz anauliza baba ako wapi," Levis akasema.

Nikamwonyesha.

Levis akaangalia nyuma ya Baba. Nyuma ya Baba kulikuwa na posho mill.

"Wapi?"

"Huyu."

"Huyu ni shosh, bibi yako."

"Huyu ni Baba."

Levis akamgeukia mama. Mama akamweleza, polepole, kama anavyomweleza mteja bei ya omena. Kwamba Nyangi ndiye bwana yake. Kwamba alitoa ng'ombe mbele ya watu. Kwamba mtoto ni wake.

Levis alikuwa Mjaluo. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu kabla ya kutafsiri.

"Alitoa ng'ombe ngapi?"

Mama akamwambia. Levis akamwangalia Baba kwa heshima mpya.

Kwa Kiingereza ilichukua muda mrefu zaidi. Liz alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena, akakaa kwenye ngazi ya gari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, kanda zilikuwa zinakaribia kuisha, na watu wa kwao walikuwa wameahidiwa msichana na baba yake. Alisema watazamaji hawataelewa. Alisema ingehitaji filamu nyingine nzima kueleza. Alisema pole, wacha warudi Takawiri kwa yule mtoto mwingine.

"Na kutuvusha?" mama akauliza.

Levis akatafsiri. Liz akaangalia chini. Mafuta ya gari yalikuwa ya filamu. Kama hakuna filamu, hakuna safari.

 Nyumbani kulikuwa pale tu, nilikuwa naona mlima wa kwetu wenyewe.

Jeff ndiye aliyeokoa jahazi, kwa kutojali. Alikuwa anavuta sigara amekalia sanduku la kamera.

"Sasa si mtafute tu mzee yeyote hapa asimame? Ni sini moja. Wakumbatiane, tumalize, twende."

Liz alikataa. Halafu akakataa kwa sauti ya chini kidogo. Halafu akauliza ni mzee gani.

Kufikia hapo soko zima lilikuwa limetuzunguka. Levis akatangaza kwamba anatafutwa mwanamume wa kuigiza baba ya huyu mtoto. Hakuna aliyetoka. Watu walikuwa wanaangaliana na kuangalia miguu yao.

Mama mmoja mzee wa ndizi, Nyarangi, mwenye meno machache na mdomo mwingi, akasema, "Kwani Machuki si ako hapo?"

 Kisha watu wakaanza kukohoa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilidhani ni vumbi la posho mill.

Machuki alikuwa ameegemea baiskeli yake huko nyuma. Watu wakampisha hata kabla hajasogea.

"Mimi siwezi hiyo kazi," akasema.

"Ni dakika tu, mzee," Jeff akasema.

"Siwezi."

Lakini hakuwa anamwangalia Jeff. Alikuwa anamwangalia Baba. Na Baba alikuwa amefungua kikopo cha ugoro, anachukua kidogo kwa vidole viwili, ananusa upande mmoja, ananusa upande wa pili, anafunga kikopo. Hakuna aliyemharakisha.

"Machuki," akasema. "Simama pale wamekuonyesha."

"Mama, hiyo haitakuwa vizuri."

"Nani amekuuliza kama ni vizuri? Simama."

Mama yangu alifungua leso yake kiunoni, akaifunga tena. Akaifungua, akaifunga.

Machuki akaweka baiskeli chini. Nilishangaa. Sikuwa nimewahi kuona amelaza ile baiskeli chini.

Nikaelezwa kazi. Nitoke kwenye gari, nimwone, niite "Tata!", nikimbie, nimkumbatie, nilie. Liz alipenda sana hilo neno Tata. Machuki yeye afungue mikono na atabasamu, basi. Nikapewa soda na nusu mkate kabla, ili niwe na nguvu.

Jeff akasema tuanze. Nikatoka kwenye gari.

"Tata!"

"Eee," Baba akaitika, nyuma ya kamera.

Jeff akazima. "Mathe, usiitike."

"Ameniita."

"Anaigiza."

"Sasa akiigiza mimi niache kuitika?"

Wakaanza tena. Nikaita Tata. Baba alikuwa amejiziba mdomo na kiganja, na bado sauti ikatokea puani. Halafu na mimi badala ya kukimbilia kwa Machuki nilikuwa nimeangalia kamera, kwa sababu ndiko nilikosikia naitikwa. Ndipo na kile kivuli kikaonekana, akaambiwa asogee. Akasogea. Nikaita, akaitika. Watu wakacheka mpaka Nyarangi akakalia ndizi zake.

Mwisho Levis akamshika Baba mkono kwa adabu, akampeleka kwenye baraza ya posho mill, akamkalisha. Injini ya kusaga ikawashwa kwa muda ili asisikie. Jeff alisema sauti ataiweka Nairobi.

Kwa hivyo niliita Tata na hakuna aliyeitika. Hapo ndipo nililia kweli.

Nikakimbia. Machuki akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua mikono, nikaingia. Alinuka tumbaku na mafuta ya cheni. Alinishikilia kwa nguvu. Nilidhani anaogopa kamera.

Kisha nikahisi shingo yangu inalowa.

"Machuki," nikamnong'oneza, "wacha kulia. Ni mchezo."

"Najua."

"Sasa unalia nini?"

"Wamesema tulie."

"Wamesema mimi. Wewe utabasamu."

 Jeff alikuwa amezunguka na kamera mpaka karibu na nyuso zetu. Liz alisema inatosha, Jeff akazima, injini ya posho mill ikazimwa. Machuki alikuwa bado amenishika. Hakuna aliyekuwa anakohoa sasa.

Sauti ya Baba ikatoka barazani. Haikuwa kali.

"Machuki. Imetosha."

Akaniachilia saa hiyo hiyo. Akafuta uso na mkono wa shati, akainua baiskeli, akaisukuma bila kuipanda mpaka akapotea nyuma ya vibanda. Soda aliyopewa na yeye ilibaki kwenye boneti ya gari. Levis akainywa.

Tulivushwa alasiri hiyo. Karibu na kijiji vijana watatu walisimama barabarani. Baba akatoa kichwa dirishani akamwambia mmoja wao, "Wewe nilikushika ukizaliwa, ulitoka matako kwanza. Toka njiani." Wakatoka. Yule mzee wa kiapo hakuhitajika kusema neno.

Ng'ombe wakapata chumvi yao. Yule mweusi alinikumbuka, au alikumbuka chumvi.

Hapo ndipo story ingeisha, kama Liz hangekuwa ameahidi kutuonyesha filamu, na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi.

Mwaka uliofuata alimtuma Levis na kanda ya video, televisheni na jenereta. Onyesho lilifanywa mchana kanisani Kehancha, madirisha yamezibwa na blanketi. Watu walijaa hadi madhabahuni. Mimi nilikaa benchi la mbele na mama upande mmoja, Baba upande mwingine. Alikuwa amevaa lile gauni tena, kwa sababu alisikia kwamba anaonekana.

Kweli alionekana. Kidogo, pembeni, na kuku. Sauti ya mwanamume kwa Kiswahili safi ikasema, "Bibi ya mtoto naye amefika kushuhudia."

Kanisa likacheka. Baba akanyoosha gauni.

Halafu nikajiona natoka kwenye gari. Nikajisikia naita. Na ile sauti safi ikasema, polepole, kama mtu anayesoma Biblia:

"Na huyu ni Machuki, baba mzazi wa Robi."

Sijawahi kusikia kanisa limenyamaza hivyo. Hata jenereta ilikuwa kama imepunguza.

Kwa sababu lile ni neno ambalo Mkuria yeyote pale ndani alikuwa amelibana mdomoni tangu nizaliwe. Na sasa limesemwa kwa sauti kubwa na mtu wa Nairobi ambaye alidhani anadanganya.

Picha ikasogea. Nyuso mbili zikajaza televisheni, yangu na yake, shavu kwa shavu, tunalia.

Jicho langu la kushoto likafunga kwanza, la kulia likafuata.

Jicho lake la kushoto likafunga kwanza, la kulia likafuata.

Nikashika benchi. Nikamwangalia mama, mama alikuwa anaangalia leso yake. Nikageuka nyuma. Machuki alikuwa amesimama mlangoni, blanketi limemgusa bega. Tukaonana. Akatoka, na nikasikia cheni ya baiskeli.

Nikamwangalia Baba.

"Unaangalia nini?" akasema. "Picha iko mbele."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama ametangulia mbali na kikapu. Vijana walikuwa wameshapoa. Tulipopita vile vijiwe vya mpaka nikapata nguvu.

"Tata, Machuki ni nani?"

"Ni mtu wa baiskeli."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wangu. Ng'ombe zilitoka zizi langu, kila mtu aliona." Akatembea kidogo. "Umesikia kitu kingine?"

"Ile sauti imesema..."

"Ile sauti pia imesema mimi ni bibi yako."

 Tukapita shamba la tumbaku la watu. Nilikuwa nimekasirika na sikujua nimemkasirikia nani, kwa hivyo nikauliza swali ambalo lilikuwa linanichoma zaidi.

"Wewe ndiye ulimwambia asimame pale. Ulijua watu watacheka. Kwa nini ulimwambia?"

Alisimama kutoa kikopo cha ugoro, akabadilisha mawazo, akakirudisha.

"Mimi ndiye nilimchagua, kabla hujazaliwa," akasema. "Nilimwambia masharti, akakubali. Hajawahi kuvunja. Hajakuita mtoto, hajakuletea hata pipi. Alikuwa anakubeba na baiskeli, na kwa baiskeli wewe unaona mgongo wake, yeye haoni kitu." Akaanza kutembea tena. "Alikuwa hajawahi kukushika. Hao wageni wakasema ni mchezo. Nikaona, ikiwa ni mchezo, hatakuwa amevunja sharti."

 Nilimshika mkono mpaka nyumbani, na yeye akaniachia niushike, ingawa sisi si watu wa kushikana.

Baba Nyangi alikufa mwaka 2009. Nilimzika kama mtoto wake, boma ni langu, na ng'ombe pia. Machuki yuko hai, baiskeli imekuwa pikipiki. Namwita Machuki. Yeye ananiita Robi wa Nyangi, na hajawahi kukosea.

Ile filamu niliambiwa ilienda ng'ambo, ikaonyeshwa kwenye kumbi kubwa, watu wakamlilia yule mtoto maskini aliyekosa baba. Kama wewe ni mmoja wao, asante kwa machozi, lakini ulilipia bure.

Funzo langu ni hili, na silazimishi mtu: kabla ya kumhurumia mtoto wa watu kwenye picha, uliza ni nani amesimama nje ya picha. Siku ile nilikuwa na wazazi watatu pale sokoni. Mmoja alikuwa anafunga leso, mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, na mmoja alikuwa amekalishwa kwenye baraza ya posho mill, injini imewashwa, ili nikiita asiitike.

Mama aliniambia baadaye kwamba aliitika hata hivyo.